Barua ya wazi kwa wakaguzi wa filamu na wakuu wa vyuo vya sanaa: mkiikataa, ikataeni mmeiona nzima

Wakubwa zangu, shikamooni.

Barua hii ni ya nyie mnaokaa kwenye viti vya kukagua filamu, na nyie mnaoongoza vyuo vya sanaa, hasa hapa Bagamoyo, na maafisa utamaduni ambao karatasi zetu huwa zinaishia kwenye droo zenu. Naiandika hadharani kwa sababu ile ya faragha tulishaandika mwaka juzi, tukaipeleka ofisi moja ambayo sitaitaja, na jibu tulilopata lilikuwa la mdomo, kwenye korido, mtu kashika funguo za gari anataka kuondoka: "Achaneni na hayo mambo nyie vijana." Basi. Hamna barua, hamna muhuri, hamna sababu.

Ombi nalitoa mapema asije mtu akasema nimezunguka. Tunaomba turuhusiwe kuonyesha filamu inaitwa Call Me by Your Name, kwa watu wazima tu, ndani, mlango umefungwa, bila kiingilio, halafu tukae tuijadili. Ni filamu ya mapenzi ya kwanza ya kijana wa kiume kwa mwanaume mwenzake, kiangazi cha mwaka 1983, kaskazini mwa Italia. Najua mmeshashtuka. Naomba msifunge ukurasa, mnivumilie kidogo tu.

Mimi kazi inayonilisha ni kuhariri video za harusi. Na jioni za wikiendi tuna kikundi chetu cha watu wanaopenda filamu, wengine wamesoma sanaa, wengine wavuvi, kuna mama mmoja fundi cherehani mtu mzima kabisa ambaye hakosi, tunatundika shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta, tunaangalia muvi ya Senegal au ya Iran au ya Kihindi ile ya zamani, tukimaliza tunagombana mpaka mwenye nyumba anakuja kutuambia watoto wamelala. Ndo raha yake hiyo. Hatuna jina, hatuna fulana, hatuna mfadhili.

Sasa nianze na kinachoendelea mtaani, maana naona huko ofisini mnaamini filamu isipopata kibali basi haipo. Ipo. Ipo Telegram, ipo kwenye flashi za wale vijana wanaojaza watu muvi kwenye simu, ipo kwenye status za WhatsApp. Ila haipo nzima, na hapo ndo penye tatizo langu lote. Karibu na soko la samaki kuna kijana anapaa samaki, alinionyesha simu yake, kioo kimepasuka pembeni na magamba yamegandia kwenye kava, ndani kuna klipu ya sekunde chache, watu wawili wanabusiana, juu yake sauti ya mtu anacheka na kutukana, chini pameandikwa kwa herufi nyekundu kwamba dunia imekwisha. Nikamuuliza hii imetoka wapi, akasema sijui dada, ya Wazungu hao. Nikamuuliza sasa hawa ni kina nani, wamekutanaje, mwisho wao ulikuwaje. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akarudi kwenye changu zake.

Yaani mtu anakuletea pezi la papa anakwambia bahari ndo hii.

Na hiyo ndo filamu ambayo Bagamoyo nzima imeiona. Sio ile ya zaidi ya saa mbili yenye baba na mama na vitabu na baiskeli na mvua, hapana, wameona sekunde zile zilizochaguliwa na mtu mwenye hasira, au mtu anayetafuta watazamaji, maana siku hizi hasira nayo ni biashara. Mnasema mnalinda jamii, sawa, lakini kwa kuizuia nzima mmeacha vipande vitembee peke yake, bila daraja la umri, bila mtu mzima pembeni. Mtoto wa darasa la sita anaviona. Sisi wa miaka thelathini na kitu tukitaka kukaa tuone yote kwa adabu ndo tunaambiwa achaneni nayo.

Mtaniuliza kwani muvi zote zimeisha mpaka mng'ang'anie hii. Nitajibu kama edita kwanza. Filamu hii ilitoka 2017, mwongozaji ni Luca Guadagnino, na aliishuti Crema na vijiji vya jirani, mji ambao yeye mwenyewe alikuwa anaishi wakati huo. Hakwenda mbali. Alichukua jumba moja la zamani, mto, baiskeli, meza ya chakula nje chini ya miti, akafanya kazi. Imeshutiwa kwa mkanda wenyewe wa filamu, sio dijitali, na kwa lenzi moja tu ya milimita 35. Moja! Hapa kwetu mtu hajaandika hata skripti anakwambia hawezi kuanza mpaka apate lenzi tatu na droni. Mpiga picha wake ni Mthailandi, Sayombhu Mukdeeprom, na siku nyingi za kushuti mvua ilikuwa inapiga, kwa hiyo lile jua unaloliona linaingia dirishani mpaka unahisi jasho shingoni, sehemu kubwa ni taa zimewekwa kwa nje. Sisi masika ikianza shuti inaahirishwa, mpaka mje mrudi msanii keshanyoa nywele na kontinyuiti, ile shoti kufanana na shoti, imekufa.

Halafu wameshuti kwa mfuatano wa hadithi, za mwanzo zikashutiwa mwanzo na za mwisho mwisho, ndo maana ukiangalia unaona kabisa wale waigizaji wanazoeana mbele yako taratibu, kwanza wanakaa mbalimbali mezani, kila mmoja anamkwepa mwenzie, baadae hata wakinyamaza unajua wananyamazia kitu gani. Skripti iliandikwa na James Ivory kutoka kwenye riwaya ya André Aciman ya 2007, na mzee huyo alipopewa Oscar ya skripti mwaka 2018 alikuwa na miaka 89. Miaka 89! Huku kwetu tungekuwa tumeshamwambia zamani akapumzike apishe vijana.

Ila shoti ninayotaka wanafunzi waione ni ya mwisho, na kwa hii moja tu mimi ningekubali hata mkate zingine zote (natania, msikate). Kiangazi kimeisha, sasa ni baridi, theluji nje, yule kijana kapigiwa simu kutoka Marekani kaambiwa yule mwenzake anaoa. Anakwenda kukaa mbele ya moto. Kamera inakaa usoni kwake na haikatwi, haisogei, zaidi ya dakika tatu, majina ya watengenezaji yanaanza kupita pembeni na yeye bado yupo, analia, kidogo kama anatabasamu, anameza mate, nyuma yake kwa ukungu wanaandaa meza ya chakula kama siku zote. Hamna neno hata moja analosema. Mimi kwenye harusi shoti ikizidi sekunde nne mama wa bibi harusi ananipigia kuuliza mbona video imeganda. Nataka nikae na watu tubishane: ameweza vipi kutubakisha pale dakika zote zile na hamna aliyenyanyuka? Hilo ni somo la darasani wakubwa, halifundishiki kwa kusimuliwa.

Na mnajua mji gani naongelea. Bagamoyo ndo kuna TaSUBa, ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, watu wametoka mbali kuja kujifunza hapa ngoma, maigizo, muziki. Kama kuna mahali Tanzania hii watu wazima wanaweza kukaa wakaangalia kitu kigumu wakakichambua bila kurushiana viti, ni hapa.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya lenzi, maana sio lenzi iliyowatisha. Tuje kwenye hadithi.

Sisi hatuna ile samma ya Wazungu, kiangazi chao, tuna kaskazi na kusi, vuli na masika. Ila tuna kipindi chetu kinachofanana nayo kabisa: baada ya mtihani wa form four, mwezi wa kumi na moja, mpaka matokeo yatoke. Huna shule, huna kazi, sio mtoto tena na ukubwa bado, joto la kaskazi linaanza, maembe yamejaa, unachelewa kurudi mama anagomba ila sio kwa nguvu za zamani. Nani kati yenu hakumpenda mtu kipindi kile? Kuna baba zima hapa mjini, ana wajukuu, ukimtajia disko toto za miaka ile pale ufukweni macho yanabadilika. Filamu nzima ni likizo ile. Kijana anaitwa Elio, babake profesa wa mambo ya kale, kila mwaka wanapokea mwanafunzi wa nje anakuja kukaa wiki sita kumsaidia profesa kazi, mwaka huo kaja Mmarekani anaitwa Oliver. Kijana anasoma kitabu haelewi kitu maana masikio yako mlangoni. Anavizia nani kaja kula na nani hajaja. Mama yake anawasomea hadithi ya kale ya mwanaume anayempenda binti mfalme na hajui aseme au afe nayo moyoni, na kijana pale kwenye kochi anasikiliza kama vile imeandikwa kwa ajili yake. Nani asiyeijua hali hiyo?

Kuna jambo moja hapa lazima niliseme mwenyewe kabla hamjanisemea. Elio ana miaka 17, Oliver ana 24. Hilo halinikai vizuri, na hata huko filamu ilikotoka wapo watu wengi limewakera, wameandika sana, wengine wanasema mtu wa miaka 24 alitakiwa ajiheshimu akae mbali, wengine wana yao. Nakubaliana na wale wa kwanza. Na ndo maana nasema watu wazima tu, na ndo maana nasema mjadala baada ya filamu ni lazima sio hiari, maana mimi ninavyoona filamu yenyewe inalipita hilo swali haraka mno, inatubembeleza na jua na piano tusiulize. Sasa hilo utaligundua vipi kwenye klipu ya sekunde chache? Yule anayetukana kwenye ile klipu hata hajui hao watu wana umri gani. Hoja ya maana kuliko zote dhidi ya filamu hii hataifikia kamwe, kwa sababu hajaiona.

Kinachowatisha wengi nadhani ni kitu kingine: hamna anayeadhibiwa. Sisi tumelelewa na muvi ambazo mwenye dhambi lazima agongwe na gari, au augue, au awe chizi anaokota makopo, tena mapema tu kabla pati two haijaisha, halafu mchungaji au shehe anatokea anamalizia na mawaidha. Hii haina. Hamna adui, hamna polisi, hamna ugonjwa. Kuna watu wawili wanaachana kituo cha treni, na mmoja anampigia simu mamake amfuate kwa gari kwa sababu hawezi kurudi nyumbani peke yake. Ndo adhabu yenyewe hiyo, kama mnaitaka. Yani mimi sijawahi kuona muvi ya kibongo ya mapenzi iliyouma kuliko sini ile ya kupiga simu.

Jirani zetu walishapita njia hii. 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Rafiki, wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa, na watoto wanapendana. Ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, lile tamasha kubwa la filamu la Ufaransa. Nyumbani ikapigwa marufuku, na mwongozaji mwenyewe alieleza kwamba bodi ya kule ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu ulikuwa na matumaini mno, wale wasichana hawakuonyesha kujuta. Umeona? Ni lilelile la kugongwa na gari. Alikwenda mahakamani, mwezi wa tisa mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima tu, na Wakenya wakajaa kwenye kumbi wakaona filamu ya nchi yao. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi. Kenya bado ipo, Mombasa bado ipo. Afrika Kusini nao mwaka huohuo waligombana na Inxeba, filamu ya John Trengove inayogusa jando la Waxhosa, ikapewa daraja lile la picha chafu, ikatolewa kwenye kumbi za kawaida, kesi ikaenda mahakamani daraja likatenguliwa. Wenzetu wamebishana kwa karatasi na hukumu za kusomeka. Sisi tunabishana kwenye korido na mtu mwenye funguo za gari.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi maana mimi sio wakili. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kipo, adhabu yake haipungui miaka 30 na inakwenda mpaka maisha, tunaijua wote na barua hii haijaja kujadili hiyo. Ila kifungu kile kinazungumzia tendo la mtu. Hakizungumzii hadithi. Kuua kwa sheria yetu ni kunyongwa, na vibanda umiza kuanzia Dunda mpaka Magomeni vinaonyesha watu wanauana kuanzia saa nne asubuhi, damu mpaka kwenye kioo, watoto wamekaa mbele kabisa kwenye benchi, hamna anayesema tunafundisha mauaji. Na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ile namba 4 ya 1976, imewapa nyie kazi ya kukagua, na kukagua naelewa ni kuiona. Mna madaraja ya umri. Yatumieni! Wekeni 18, wekeni kubwa kuliko zote mliyonayo, tutasimama mlangoni tunaangalia vitambulisho vya NIDA mmojammoja, na asiye nacho arudi.

Nikaongea pia na mzee mmoja wa msikiti wa mtaani kwetu, maana mimi ni Muislamu, nafunga, na sikutaka asikie kwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kahawa. Akasema yeye hatakuja, mwanae hatakuja, na kama ingekuwa yeye anaamua isingeonyeshwa. Sawa, nimemwelewa na namheshimu, na bado tunasalimiana. Tofauti yake na wengine ni kwamba yeye aliniambia hapana na sababu zake tatu, nikazijibu mbili, ya tatu akanishinda. Hiyo ndo heshima ninayoililia kutoka kwenu.

Na kuna kitu kingine wakubwa, sijui niseme au ninyamaze. Hizi hoteli za ufukweni hapa, mgeni kalala kwenye kiti cha mianzi na laptop yake anaiangalia filamu hiyohiyo, maji ya dafu pembeni, hamna anayemgusa, na asiguswe, kalipia chumba. Hatua chache kutoka pale kuna Mswahili wa umri wake, ana diploma ya sanaa, anaambiwa hiyo itakuharibu. Sielewi hii filamu inajuaje nani wa kumharibu.

Sasa lile la moyoni. Karibu na mwisho kuna sini ya baba na mwanae kwenye kochi. Mgeni ameshaondoka, kijana hali, haongei. Baba anajua kila kitu, tena alijua zamani. Sisi tunaoangalia tunajikunja tukisubiri kofi, maana tunajua baba huwa anafanya nini. Hampigi. Hamuulizi maswali ya kipolisi. Anaongea nae polepole, anamwambia kwa namna yake kwamba maumivu haya asiyang'oe kwa haraka, kwamba ukijitia ganzi ili usiumie unamaliza na mengine yote, na kwamba wazazi wengi wangetaka jambo hili lipite tu kimya, yeye sio mzazi wa hivyo. Halafu anamdokeza kuwa yeye mwenyewe ujanani alikaribia kitu kama hicho akashindwa kuthubutu. Michael Stuhlbarg ndo kacheza huyo baba, na amekaa tu, ana sigara, sauti haipandi hata mara moja.

Namfahamu kijana aliyeondoka Bagamoyo usiku, na begi la shule, baada ya babake kushika simu yake. Alikuwa mzuri sana kwenye mwanga, kwenye kikundi chetu hamna aliyekuwa anaweka taa kama yeye. Sisemi baba yule angeona filamu angekuwa baba mwingine. Pengine angeondoka katikati, pengine angetutukana. Nasema tu kwamba kwenye klipu zote zilizosambaa mji huu, zote nilizoonyeshwa, ile sini ya baba sijawahi kuiona hata moja. Haina faida kwa mwenye hasira, haichekeshi, hairushi mate. Kwa hiyo wanaume wa mji huu wanaijua filamu hii kwa jina na hawajui kwamba ndani yake kuna baba.

Haya, tuseme mmekubali, maana najua wahudumu wa ofisi wanapenda mambo ya utekelezaji. Chumba tunacho, kina bati na feni mbili, kinaingiza watu kama arobaini wakibanana. Simu zote zinaachwa mlangoni kwenye kapu na namba, sio kwa ajili ya hakimiliki tu, ni kwa sababu mtu akipigwa picha amekaa pale kesho anatangazwa mtaani kuwa ni fulani, na wengine wana ndoa zao na maduka yao. Sabtaito za Kiswahili tunatengeneza wenyewe, zikaguliwe nazo mkitaka, na hakimiliki tutaomba kwa wenye filamu wenyewe kwa njia halali, hatutaki kuonyesha kopi ya kuibia wakati sisi wenyewe tunalia na wezi wa kazi zetu. Hatutangazi kwa spika. Atakayeongoza mjadala awe mwalimu wa filamu, na tukipata mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya vijana akae pale tutashukuru. Mkitaka kumleta afisa wenu akae nyuma aandike, aje, kiti tunampa na soda tunampa. Na kama kuna sini mnataka ikatwe, semeni ni ipi na kwanini, tuitangaze mwanzoni kwamba hapa pamekatwa na nani, tusiwadanganye watu kwamba wameona nzima.

Kama jibu ni hapana, basi naomba liwe hapana ya maandishi. Taja kifungu, taja sini, weka tarehe na saini ya aliyeiangalia, na aseme aliiangalia mpaka dakika ya ngapi. Tukipata hiyo tutajua tunakata rufaa wapi au tunaacha, na hata yule mwanafunzi anayeandika skripti yake sasa hivi kwa kujificha atajua mstari uko wapi badala ya kuusikia kwa wapita njia. Hayo ya korido mimi siyahesabu kama majibu.

Barua hii nimeichapa nakala nne, nitazipeleka kwa mkono Jumatatu, na safari hii nitaomba mtu wa masijala anigongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu kabla sijaondoka kaunta.

Wenu,
edita wa harusi, Bagamoyo